Karatasi ya Muke Mumoja

Ninyi vijana munaokuja kukaa ku baraza yangu na kubishana karatasi gani mutafute ili kufanya kazi inchi ya watu, ya muda mufupi ao ya muda murefu, ya mutu peke yake ao ya nyumba nzima, munazani mimi mwanamuke wa shamba sijui kitu. Nikipita munanyamaza. Basi someni. Skuli yangu ilikuwa fupi, lakini jambo hili halikungojea skuli.

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji, tulikaa upande wa Kabambare. Mutu hakuweza kwenda kukaa hata Kasongo bila karatasi ya bulamatari, njo tulivyoita serikali. Mume wangu alikuwa fundi wa matofali. Muzungu mumoja alikuwa anajenga magazini ya kuwekea mizigo ng'ambo ya ziwa, Kigoma, kwa Waingereza, akatuma mutu kutafuta mafundi kwetu. Mume wangu akakubaliwa. Kazi ilikuwa imepatikana. Karatasi bado.

Karatasi zilikuwa za namna mbili. Ile ya mwanaume peke yake ilikuwa ya mwaka mumoja: unalala mu banda na wenzako, ukimaliza unarudi kwenu. Ile ya mutu na nyumba yake ilikuwa ya miaka tatu: unapewa chumba, na posho ya muke na watoto. Mume wangu akataka hii ya pili. Alikuwa mutu wa kupenda kula.

"Kule peke yangu nani atanipikia bugali?" akasema. "Waingereza?"

Tulikuwa wake wawili. Mimi nilikuwa mukubwa, wasichana wangu walikuwa wameshaolewa Nyangwe. Muke mwenzangu alikuwa na watoto wadogo wawili, mumoja anatembea, mumoja mugongoni. Tukafunga mizigo sisi wote, tukaenda kwa miguu mpaka Kabambare, maana karatasi ile ilitaka nyumba yote ionekane mbele ya karani.

Sisi wanawake tulisimama inje, ku baraza ya biro ya karani. Dirisha lilikuwa wazi.

"Wake wangapi?" karani akauliza.

"Wawili, karani."

Akaweka kalamu chini. "Karatasi hii inabeba muke mumoja. Hukuambiwa? Chukua ya mwanaume peke yake, ao chagua muke."

Mume wangu akanitazama, akatazama watoto. Halafu akasema, kwa sauti ya mutu anayetaja bei ya mihogo: "Huyu mukubwa nimemuacha. Nimemupa talaka. Andika mudogo."

Karani akatoa kichwa dirishani. "Mama, ni kweli?"

"Maneno umeyasikia," nikasema. "Mimi sikuyasema."

Akaandika.

Njiani mume wangu akanikimbilia kwa nyuma, anacheka. "Mukubwa wangu, usikasirike. Yule karani ni mutu wa misioni, atajua wapi mambo ya talaka? Ni ya karatasi tu. Utatufuata nyuma, nitasema wewe ni dada yangu."

"Dada yako?"

"Ni kusema tu!"

"Kama talaka ni ya karatasi," nikamuambia, "leo kalale na karatasi."

Muke mwenzangu akacheka, halafu akafunika kinywa na mukono.

Nilipofika nyumbani nikafunga mulango wangu, nikaanza kukaa eda. Ndugu zake wakaja. "Shemeji, unaharibu safari ya mutu." Nikawajibu kwamba kinywa kilichosema hakikuwa changu. Walisema nina moyo wa jiwe. Hawakuona nilivyokuwa. Shamba nililolima tangu usichana lilikuwa la ukoo wake. Mwanamuke aliyeachwa anabeba kitanda kichwani na kurudi kwa kaka yake, na kaka yangu alikuwa na muke asiyenipenda. Njo uoga uliokaa na mimi nyuma ya mulango ule.

Mume wangu akaenda kwa mwalimu wa musikiti, akizani ataambiwa ile si talaka. Mwalimu alikuwa anasuka mukeka, hakuacha kusuka.

"Ulisema?"

"Nilisema, mwalimu, lakini moyo wangu haukuwa mule."

"Karani alisikia? Muke alisikia?"

"Walisikia."

"Basi moyo wako sisi tuufanye nini? Neno limetoka. Ni talaka moja. Eda haijaisha, unaweza kumurudia mbele ya watu wawili. Lakini ukimurudia, uko na wake wawili tena, na karatasi yako inasema mumoja. Fimbo ya bulamatari unaijua."

Akarudi, akakaa karibu na tanuru lake la matofali, anawaza achague nini, muke ao karatasi. Lori ya kuchukua mafundi ilikuwa karibu kupita.

Muke mwenzangu akanifuata ku kijito, pale tunapolowesha mihogo. "Mukubwa, kubali tu kwamba talaka ni ya karatasi. Nimeshaambia mama yangu naenda. Watoto watalala mu nyumba ya matofali."

Nilimuhurumia. Alikuwa kijana, hakuwa amenikosea kitu. Lakini nikamuambia: "Utaenda na mutu aliyejua kwamba talaka inasemwa ili kupata kitu. Siku akiambiwa kule kwamba asiye na muke anapata zaidi, atasema nini?"

Akabeba kikapo chake, akaenda.

Asubuhi moja mume wangu akaja na mwalimu na wazee wawili. Akasema mbele ya mulango wangu, macho chini: "Nimemurudia muke wangu." Siku ile ile akaenda Kabambare kubadilisha karatasi. Karani alimucheka mbele ya watu: "Wewe ni mutu gani? Unaacha, unarudia, kama mutu anayevaa na kuvua shati!" Lakini akamupa ile ya mwanaume peke yake.

Sisemi nilishinda. Kule alilala mu banda lenye unyevu, akarudi na kikohozi, na kikohozi kile kikamufuata mpaka kaburini. Muke mwenzangu alinitupia maneno hayo usoni mara nyingi. "Kama tungekuwa pale, ningemupikia, ningemuwashia moto." Maneno yale ninayabeba mpaka leo.

Siku lori ilipomuchukua mume wetu, muke mwenzangu na watoto walibaki wamesimama barabarani mpaka vumbi ikatulia. Ndugu wa mume walikuwa wananingojea niseme, maana sasa nilikuwa mukubwa wa nyumba. Nikawaita wote ndani ya kiwanja, nikasema:

"Tangu leo tunapika chungu kimoja. Watoto hawa wasilale njaa kwa sababu ya hasira ya wakubwa. Na neno la kuacha mutu, hata kwa kucheka, hata mbele ya karani, mutu asilitamke tena mu nyumba hii."