Viazi vya Mumbere

Nakumbuka mchana mmoja wa miaka ile ya vita, mwanangu, watu wa mtaa wetu hapa Butembo walipokuja mbio na ndoo za maji kuzima nyumba yetu inayoungua, wakamkuta mdogo wangu Mumbere anapika viazi. Hadi leo nikizikumbuka sura zao nacheka peke yangu, na watoto huniuliza kama niko salama.

Mama alikuwa amekwenda Lubero kumuuguza nyanya yetu, askari wakafunga barabara nyuma yake. Wasafiri waliopita njia za vichochoroni walituambia ni mzima, ila kurudi hawezi. Nyumbani tukabaki na baba, fundi cherehani wa sokoni, mimi Masika, binti na mkubwa wa wote, na wadogo zangu wawili, Mumbere na Kambale. Nilikuwa darasa la mwisho la sekondari, na mtihani wa taifa ulikuwa unakaribia.

Jioni moja baba aliweka kikombe chake chini.

"Masika, masomo utaacha kwanza. Bale batoto banarudiaka na njaa, nani atabapikia?"

Kwetu baba hajibiwi, na wala hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia mpaka kichwa kikaniuma. Mwaka ule ukinipita, nani angejua kama shule yenyewe ingekuwepo mwaka unaofuata?

Mumbere akanifuata. Sasa umwelewe huyu Mumbere. Alikuwa na vindevu vichache alivyovipapasa kutwa nzima, na alikwisha kupewa nafasi kwenye kyaghanda, pale wanaume wa Kinande wanapoota moto na kuzungumza mambo ya ukoo. Kijana aliyeketi kyaghanda hashiki mwiko. Wenzake wangemcheka hadi aoe.

"Yaya, utaenda ku masomo," akaninong'oneza, maana kwetu dada mkubwa huitwa Yaya. "Mimi na Kambale tutapika. Lakini hapana ambia mutu."

Kesho yake nilingoja baba aende sokoni, nikavaa sare yangu nikaenda. Wadogo zangu walitoka shule adhuhuri, sisi wa darasa la mwisho tulibaki kwa marudio. Ili asionekane, Mumbere alifunga mlango na dirisha la jiko, akawasha kuni mbichi za mikaratusi. Unaujua moshi wa mikaratusi mibichi? Ulitokea kila tundu la bati. Na zilikuwa siku ambazo nyumba za watu zilichomwa, kwa hiyo mtaa haukuuliza swali, ulikuja na ndoo.

Mimi niliambiwa langoni mwa shule kwamba kwetu kunaungua. Nilifika nikihema, pamoja na baba aliyetoka sokoni na futi yake bado shingoni. Jirani yetu, Mama Kavira, alikuwa amekwisha kuusukuma mlango. Pale ndani alisimama Mumbere, machozi yanamtoka, mwiko mkononi, kitenge cha mama kiunoni, na Kambale nyuma yake.

Watu walicheka hadi wakamwaga maji yao. Mimi sikucheka. Baba alikuwa anaitazama sare yangu.

"Papa," Mumbere akasema, "Yaya iko na mtihani. Siye pia tuko na mikono."

Nilimpenda siku ile kuliko ninavyoweza kukueleza. Baba alivuta kigoda, akaomba sahani. Alitafuna, na sote tulisikia maharage yakigonga meno, kwa sababu vijana wale walivitia viazi na maharage makavu chunguni pamoja. Viazi vilikuwa uji, maharage changarawe.

"Viazi imeiva," baba akasema mwishowe. "Maharagi bado. Mama Kavira, uonyeshe hawa namna." Kisha akanigeukia. "Na weye, kesho usichelewe ku masomo."

Mama Kavira akawafundisha. Maharage yalowekwe toka asubuhi, yachemke jioni wakati mnasoma. Kesho ukirudi shule, kazi imebaki ndogo: menya viazi, uvichemshe, tia maharage yako, kitunguu, chumvi na mafuta ya mawese, ponda kwa mwiko. Avoka, yaani parachichi, kando, kama mti wa jirani umekubali. Ukila hiyo, njaa haikuoni tena mpaka usiku. Baada ya wiki chache wale wale waliomcheka Mumbere walikuwa wanakuja na viazi vyao mifukoni, na asiyemenya hakupewa sahani. Jiko letu lilikuwa na kelele kuliko kyaghanda.

Mtihani niliufanya, nikafaulu. Barabara ilipofunguka, mama aliingia uani alasiri moja, amekonda, vumbi hadi kwenye nyusi. Kabla hajamaliza kutusalimu Mumbere alimwekea sahani. Alikula akamaliza, akauliza kama ni mimi niliyepika. Mumbere akasema ni yeye. Mama aliishika ile mikono yake miwili, akaibusu, akalia, nasi tukalia naye kwa furaha.

Basi, mwanangu, uwe wa kiume au wa kike, jifunze kujishibisha. Usirudi shule ukakaa kitako kungoja dada yako aache kitabu chake. Loweka maharage kabla ya kutoka nyumbani, na anayekucheka mpe kisu amenye. Mungu abariki mikono yako, akupe chungu kisichokauka, na watu wa kula nao siku zako zote.