Debe la Mahindi la Korea

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa jirani na Mnyuzi, bibi yangu alipangiwa nyumba upande wetu wa barabara, penye shamba la wote. Mdogo wake, mke wa mkata mkonge, alibaki ng'ambo ya barabara, kwenye kambi ya tajiri mwenye mkonge. Bibi alitaka jambo moja tu, wakae pamoja.

Jioni moja mwalimu wa elimu ya watu wazima alitueleza habari za Korea. Wakubwa walichora mstari katikati ya ndugu, kaskazini wakafuata ukomunisti, kusini ubepari.

"Wenyewe waliulizwa?" bibi akauliza.

"Hawakuulizwa, bibi."

Mwenyekiti, aliyetupangia nyumba, alisikitika kuliko wote. Akataka kila kaya iwachangie Wakorea debe la mahindi.

"Nitatoa," bibi akasema. "Ila, mwenyekiti, nipe barua ya ruhusa nikamwone mdogo wangu."

"Barua mpaka palizi iishe, mama. Mahindi kesho."

Asubuhi bibi alijitwika debe lake, nikamfuata. Hakwenda ofisini, alishika njia ya kambini. Mgambo akamsimamisha barabarani.

"Shikamoo, bibi. Unapeleka wapi hayo?"

"Marahaba. Korea," akajibu. "Ya Kusini."

Akavuka.