Besi Nyuma ya Magunia

Asubuhi ile nilikuwa napepeta mchele nyuma ya duka, nikigombana na kuku. Nilikuwa na kuku mmoja tu, mwekundu, mwizi kweli kweli. Ukigeuka kidogo, kichwa kimo ndani ya ungo. Lugano, mume wangu, alikuwa ameondoka kufuatilia kibali chetu cha kukaa, akaahidi kurudi kabla ya chakula cha mchana. Tulikuwa na duka la mchele wa Kyela katika mji mmoja wa mashariki ya Kongo. Baba yake alikuwa amefika wiki hiyo kutoka Ngana, kijijini kwetu Kyela, amesindikiza mzigo mwenyewe kwa sababu hakuwaamini madereva.

Jina la mzee silitaji. Kwetu Wanyakyusa, mke hataji jina la baba mkwe wake, hamtazami usoni, hasemi naye. Mkikutana njiani unampisha, unainama na kujifunika mpaka apite. Vijana wa kwetu siku hizi wanacheka, eti mambo ya kizamani. Wacheke tu. Mimi nililelewa hivyo na bibi yangu, na mzee alikuwa mkali wa mila kuliko wote. Alilala stoo, na chakula alipelekewa na mwanawe.

Saa nne risasi zikaanza. Nikamkwapua kuku, nikakimbilia stoo, kwani ndiyo iliyokuwa na ukuta wa matofali ya kuchoma. Magunia ya mchele yalikuwa yamepangwa katikati, yakinifika kifuani. Nilisikia mzee akikohoa upande wa dirisha. Nikajifunika kanga usoni, nikabaki upande wa mlango.

Bomu likaanguka uani.

Dirisha lote likaingia ndani. Paa la kibaraza likashuka mbele ya mlango. Nilisukuma kwa bega, nikasukuma kwa miguu. Mlango haukutikisika.

Nje walikuwa wanapita watu wenye bunduki. Sikupiga kelele.

Baadaye mzee akasema, kwa sauti ya chini, "Wewe kuku, mama yuko mzima?"

Kuku alikuwa juu ya magunia, akidonoa. Nikamjibu kuku. "Kuku, sema mzima. Na baba je?"

"Mwambie mzima. Ndaga, asante."

Hivyo ndivyo tulivyoishi humo siku tatu. Ningecheka, kama si woga. Upande wangu kulikuwa na dumu la maji, limebaki nusu. Nilikuwa namimina kikombe, nageuza uso ukutani, nakisogeza pembeni ya magunia. Mkono ulikichukua, kikarudi kitupu. Chakula kilikuwa mchele mbichi.

Tuliegemea magunia yale yale, yeye kule, mimi huku. Mzee alikuwa mwimbaji wa besi kanisani kwao tangu ujana wake. Alianza kuimba tenzi mdomo umefumbwa, taratibu, wa nje wasisikie. Kwa masikio hata mimi sikusikia vizuri. Sauti ilipita ndani ya mchele ikaniingia mgongoni, mvumo mzito, kama unapoegemea ukuta wa mashine ya kukoboa. Nikatulia. Nikajiambia, maadamu mgongo unavuma, mzee yupo.

Siku ya pili alisema, "Kuku, mguu wangu umekuwa mzito."

"Kuku, mwambie baba aunyooshe kidogo."

Nilidhani ni baridi yabisi. Mjinga mimi! Magunia yaliishia kifuani. Kusimama na kuchungulia kungenichukua muda gani? Nilikuwa nimevaa kanga mbili. Kanga mbili, na jeraha lilihitaji moja.

Siku ya tatu mkono haukuchukua kikombe.

"Kuku, mwambie baba anywe."

Kikombe kikabaki palepale.

Nilidhani ananiachia mimi maji. Mgongo wangu ulikuwa unavuma vizuri tu. Nikanywa.

Adhuhuri majirani walivunja mlango. Mmoja aliruka magunia, akainama, akanigeukia polepole. "Mama, huyu muzee alishakufaka tangu jana. Amepoa kabisa."

Nilimwambia mwongo. Nilimwambia aweke mkono mgongoni mwangu asikie mwenyewe. Akauweka, masikini, akatikisa kichwa. Kipande cha chuma kilikuwa kimemkata mzee paja tangu bomu lile la kwanza. Damu ilikuwa imeingia kwenye mchele.

Lugano alirudi baada ya wiki, njia zilipofunguka, mzima. Tulikuwa tumemzika baba yake huko huko, tukarudi Ngana na nguo zake. Kwenye matanga shangazi yake Lugano alisimama mbele ya watu wote akasema, "Mke huyu amemheshimu mkwe wake mpaka mwisho. Ndaga fijo." Wanawake wakaitikia ndaga. Nilitaka kupiga ukelele. Heshima hiyo ndiyo iliyomwacha avuje damu siku nzima, na mimi nimeketi karibu yake nikipiga soga na kuku. Nikapokea pongezi.

Lugano aliniuliza mara moja tu. "Hukuchungulia?"

"Sikuchungulia."

"Ulifanya ilivyopasa," akasema, akaenda kwenye kakao zake. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

Mvumo haujaondoka miaka yote hii. Unakaa katikati ya mabega, huanza nikiegemea kitu, ukuta, kiti cha kanisani, hata mti. Hospitali ya Kyela walinipima, Mbeya wakanipima tena, wakasema sina ugonjwa. Mchungaji ameniombea. Wapo wanaosema ni mzee ananidai. Mimi sijui ni nini. Najua tu kwamba siku ile ya tatu aliyekuwa ananguruma hakuwa yeye.

Mwezi uliopita mkwe wetu Neema, mke wa mwanangu, alikuwa anafagia uwanja. Lugano akatokea na kapu la kakao. Binti akatupa ufagio, akachutama nyuma ya mgomba, kanga usoni.

"Neema," nikaita. "Simama. Mtazame baba yako."

Lugano akaganda, macho chini. Binti akajibana kwenye mgomba. "Mama, mimi naogopa."

"Ogopa, lakini mtazame. Ujue anafananaje akiwa mzima."

Akainua kanga kidogo, akamtazama.

Mimi wangu sikumtazama kamwe. Hata majirani walipompitisha mbele yangu juu ya ubao, nilijifunika kanga nikageukia ukuta.