Ukuta wa nyuma wa Form Three uliotaka kumfukuzisha mwalimu wetu

Wakuu, salamu kutoka Voi. Siongezi chumvi, haya niliyaona mwenyewe.

Nasikia walimu wakisifia wiki darasani, zile kurasa za mtandaoni, eti wanafunzi waandike pamoja na kusahihishana. Sisi tulikuwa nayo miaka ya tisini, shule moja karibu na Mwatate, bila kompyuta hata moja.

Mwalimu wetu wa Geography alipaka ukuta wa nyuma rangi ya ubao. Vitabu vilikuwa haba, kwa hivyo kila mtu aliandika pale anachojua. Ukikosea, mwenzako anafuta na kurekebisha. Majina hatukuweka.

Tulishika masomo, wacha tu.

Shida ni kwamba mwalimu alikuwa wa BOG, yaani wa kuajiriwa na bodi ya shule na kuachishwa wakati wowote.

Siku moja headmaster akaingia, akasoma ukutani, kwenye mada ya maji: "Chemchemi ya juu imekauka kwa sababu miti ilikatwa na shule ili kuuza mbao."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana alikasirika.

"Mwalimu, hii ni kazi yako," akasema. "Kama si yako, aliyeandika asimame. La sivyo leo unafunga virago."

Mwalimu hakujitetea. Kujitetea kungekuwa kututupa sisi.

Niliogopa, lakini nikasimama. "Sir, mimi niliandika chemchemi imekauka. Hapo tu."

Wakesho, jirani yangu wa dawati, akasimama pia. "Mimi niliongeza miti ilikatwa."

Msichana mwingine akasema ya mbao ni yake.

"Na shule? Nani aliandika shule?"

Hata sisi hatukujua. Nikaanza kuhofia ni mwalimu mwenyewe.

Ndipo Mghanga akainuka dawati la mbele. Mghanga alikuwa mtoto wa headmaster, wa kumzaa.

"Hiyo ni yangu, sir."

Alimwita sir, kama sisi wengine.

Headmaster alimtazama, akatoka.

Mwalimu alibaki. Ukuta ulipakwa chokaa wikendi hiyo, na muhula uliofuata Mghanga alipelekwa shule nyingine. Inaniuma mpaka leo, hatukuwahi kumwambia asante.

Nilichojifunza: kuandika pamoja ni kuzuri, ila kila mtu awe tayari kusimama na neno lake.

Sasa nyinyi mnaotumia wiki darasani, wanafunzi wanaandika kwa majina au bila? Kwa jina, Mghanga asingethubutu kuandika. Bila jina, mwalimu alikuwa anafukuzwa. Mimi sijapata jibu, nisaidieni.