Kioo cha Upande wa Mama

Najua sijaota hata mvi, lakini na mimi niacheni niseme: enzi zetu gari haikuwa na eisii ya kupuliza baridi. Eisii yetu ilikuwa kiwiko cha Mama. Jumamosi tukitoka Osukuru kwenda soko la Busia, Baba anaendesha ile stesheni wagoni yake, Mama anakaa mbele kando yake, kioo ameshusha nusu, kiwiko nje. Upepo unampitia yeye kwanza ndio unafika kwetu nyuma, unanuka mafuta yake ya nywele na vitunguu vya kuuza. Sisi tunatafuna muwa. Ukitema maganda vibaya yanarudi kwa uso wa ndugu yako, hapo vita inaanza, na Mama bila kugeuka anasema, "Nikisimamisha hii gari mtatembea." Tulikuwa tunafika Busia wekundu kwa vumbi kama matofali. Watoto wa sasa wanapandisha kioo kwa kidole, na hicho kidole bado kinachoka.

Mama akafa. Baba akaegesha gari nyuma ya jikoni, hakuiwasha tena. Kioo kikabaki vilevile, nusu. Kuku wakahamia kiti chetu, wakataga bila kuomba ruhusa. Kutu ikafanya kazi yake.

Mwaka huu kaka yangu Owor, fundi wa magari pale Busia, akasema tuifufue. Baba akakubali, akakaa hapo kwa stuli kutuelekeza. Nati ikishika, tunaimwagia dizeli na oili ya breki, tunaiacha ilale. Ikikataa, tunaichoma moto, tunaigusisha mshumaa, nta inanyonywa ndani. Baba anapiga kelele: "Kaza kidogo kwanza, ndio ufungue! Mtakata bolti!" Mimi namwambia, "Mzee, hata wewe magoti yako yanataka dizeli." Anacheka. Alikuwa hajacheka hivyo tangu Mama afe.

Breki zikaachia. Boneti ikafunguka. Siku moja Baba akaenda msiba kule Paya, Owor akaingia kwa mlango wa Mama. Akatoa kava ya ndani, akamwagia dizeli, akabembeleza ile mashine ya kioo mpaka ikalainika. Kupanda, kushuka. Akakiosha, akakifunga mpaka juu.

Baba aliporudi, Owor akamuita akitabasamu. "Mzee, njoo uone! Kama mpya!"

Baba akasimama. "Nani amefunga hiyo kioo?"

"Mimi, Baba. Ilikuwa imekwama."

"Haikukwama. Mama yenu ndiye aliiacha hapo."

Owor akashika henda ya kuzungushia kioo. "Narudisha, Baba. Hapa?"

"Chini."

"Hapa?"

"Juu kidogo. Hapana. Chini."

Baba akaingia, akakaa kiti cha Mama, akatoa kiwiko chake nje. Kikubwa mno. Akakirudisha ndani. "Sijui," akasema. "Sijui tena ilikuwa wapi."



Sasa gari inatembea vizuri, watu wa Tororo wanasimama kuitazama. Baba anaendesha, nami nakaa nyuma palepale pangu. Kila safari ananyoosha mkono hadi mlango wa Mama, anazungusha ile henda kidogo, anaangalia, anazungusha tena. Zamani upepo ulikuwa unafika kwetu ukinuka Mama. Siku hizi unaingia tu.