Maziwa Yaliyokatika kwa Makusudi

Leo nimekamulia ndimu kwenye maziwa ya moto, na harufu ikanirudisha jikoni kwa aunti Mbengali, jirani yetu tulipoishi ughaibuni, mjini Al Rayyan, na nesi mwenzake mama. Nilikuwa mdogo, mtoto asiyesema mbele za watu.

"Aunti, yatakatika," nilimnong'oneza alipoitia ndimu sufuriani.

"Ndivyo nitakavyo. Kwetu zamani kukata maziwa kulikuwa mwiko. Wakaja watu wakathubutu, tukapata rosogolla, vidonge vitamu vya maziwa."

Alichuja yale mabonge meupe kwa kitambaa, akanipa nikande. Nikaanza kuyapiga kama unga wa chapati.

"Taratibu, kwa kiganja. Zikipasuka kwenye shira, manesi wote wanaokuja jioni watanicheka."

Nilikanda mpaka kiganja kikateleza kwa mafuta. Tukaviringa vidonge, tukavitosa kwenye shira inayochemka. Vikavimba, vikang'aa, hata kimoja hakikupasuka.

Jioni sebule ilijaa manesi. "Nani kazikanda laini hivi?" mama akauliza.

Aunti alinitazama tu.

"Mimi," nikasema, na sebule nzima ikanisikia.