Gambuti Kavu za Mzee Lumbasi

Sikuwa nimelewa, sikuwa na malaria, na sikuwa nimelala. Naanza na hayo kwa sababu najua ndiyo utakayoniuliza. Wengine hukutana na mambo haya gizani, njia panda. Mimi yalinikuta mchana, katika chumba cha nyuma cha kinyozi hapa mjini Kakamega, mvua ikipiga mabati. Usiponiamini, sawa. Aibu yangu haitapungua kwa sababu hiyo.

Poka nilianza kujifunza peke yangu, kwa video za simu. Usifikirie kamari, hatukuwekeana pesa. Kinyozi Wekesa alituachia vijana chumba chake cha nyuma, tukacheza kwa vifuniko vya soda. Kila mtu huanza na vifuniko sawa, vikimwishia anatoka, na anayebaki wa mwisho ndiye mshindi. Dau la lazima nalo hupanda kila baada ya muda, kwa hiyo huwezi kukaa tu ukingoja karata nzuri mpaka jioni.

Mimi nilikuwa nimekariri kila kitu. Karata gani ya kucheza, ipi ya kutupa, ukiwa umekaa wapi. Nikikosea mara moja, usiku ule sikupata usingizi. Na bado kila Jumamosi nilikuwa natoka mapema, kisha nawachotea wenzangu chai.

Wakati huo mashindano makubwa yalikuwa yanakaribia, katika ukumbi wa hoteli moja mjini. Mshindi angepelekwa Nairobi kucheza na wakubwa. Nilikuwa nimeshawatangazia watu wote kwamba ni mimi. Unajua kujitangaza namna hiyo kunavyomla mtu ndani? Basi kila mvua ya alasiri ilipoanza, wateja wa Wekesa wakakosekana, mimi nilijifungia kule nyuma na karata zangu, nikicheza na viti vitupu.

Siku moja stima ilipotea, taa ikazimika. Nilipoinua macho, mzee alikuwa ameingia kwa mlango wa uani. Koti la kahawia, kofia mkononi, gambuti za mpira miguuni. Nje mvua ilikuwa inamwagika kama iliyokatiwa kamba, lakini zile gambuti zilikuwa kavu. Zilikuwa na udongo mwekundu uliokauka, kama mtu aliyetoka shambani siku ya jua.

Hakunipa mkono. Alivuta kiti kilichovunjika mgongo, kile ambacho hakuna mtu hukikalia, akaketi. Kisha akavua gambuti, akazipindua moja baada ya nyingine, akazigonga chini mbele yangu. Ukamwagika udongo tu. Nikajiambia, mzee wa mashamba huyu, hana adabu za nyumba za watu.

"Gawa," akasema.

Nikagawa. Alinimaliza haraka, mimi na majedwali yangu yote niliyokariri.

"Kijana, wewe unachezanga ili usikosee," akaniambia. "Mtu kama wewe hufa polepole. Mimi nitakufundisha kukosea kidogo kidogo, usije ukakosea mara moja ukaenda nyumbani."

Tangu siku hiyo alikuja kila mvua iliponyesha. Alinifundisha kuhesabu vifuniko vyangu kwa mizunguko vitakayonibakiza hai, si kwa wingi wake. Alinifundisha kwamba watu wakibaki wachache kabla ya meza ya mwisho, kila mtu anaogopa kutoka, na woga huo una thamani kuliko karata ya esi. "Mwenye vifuniko vingi akusukume wewe kwa dau kubwa? Mpishe. Wewe msukume yule anayetazama mlango." Kubwa zaidi, alinifundisha kutupa karata nzuri bila kuomboleza. Yeye alipotupa aligonga meza kwa vidole viwili, polepole, kama anayebisha hodi. Nikaiga bila kujua.

Wekesa alinisikia nikiongea. Akapaza sauti kutoka kule mbele, "We bwana, unaongea na nani huko?"

Nikamtazama yule mzee na gambuti zake. Nikaona haya kwamba mtu kama huyo ndiye mwalimu wangu.

"Najifundisha tu!" nikajibu.

Kesho yake Wekesa alifagia akilalamika, "Nani ananiletea udongo huku nyuma? Nyinyi mnalima ama mnacheza?"

Nilimuuliza mzee atataka nini kwangu. Akasema hataki kitu, ila jina. "Mimi ni Lumbasi wa Kabras. Siku utashinda, watakuuliza nani alikufundisha. Utaje jina langu mbele ya watu, na useme nilichezanga kwa mikono safi. Utaweza?"

"Nitaweza, mzee."

"Sema tena."

Nikasema tena. Akasimama, akavaa gambuti, akaondoka bila kuaga. Hakuwahi kuniaga hata siku moja. Kwetu mtu hatoki hivyo, isipokuwa anatoka matangani, maana matangani hatuagani. Je, hilo halikutosha kunifungua macho? Halikutosha. Nilikuwa nawaza Nairobi.

Siku ya mashindano walikuja watu wa Bungoma, wa Kisumu, wa Mumias. Nilicheza kama aliyefunguliwa kamba. Tulipokaribia meza ya mwisho nilishika jozi ya malkia, karata ambazo zamani ningezifia. Mwenye vifuniko vingi akasukuma vyote. Nikagonga meza kwa vidole viwili, nikazitupa zikiwa wazi. Akafunua zake: wafalme. Ukumbi ukaguna. Kutoka hapo nikawasukuma walioogopa, mmoja mmoja, mpaka nikabaki peke yangu.

Mwenye kuandaa akanipa kipaza sauti. "Kijana wa hapa nyumbani! Tuambie, ni nani alikufundisha kutupa malkia?"

Jina lilikuwa mdomoni, nakuapia. Lakini nyuma yangu mchezaji mmoja akacheka, akamwambia mwenzake, "Anagonga meza kama yule mwizi Lumbasi. Yule wa kuficha karata kwa gambuti." Mwenzake naye akacheka.

Nilifikiria watu watasema nini. Nilifikiria kupekuliwa viatu mbele ya ukumbi mzima, na nafasi yangu ya Nairobi kupewa mwingine. Na ukweli wote niuseme: nilifikiria pia kwamba ushindi wa kufundishwa si mtamu kama wa peke yako.

"Nimejifundisha mwenyewe," nikasema.

Walipiga makofi. Karibu na mlango, dada aliyekuwa akitugawia chai alikuwa amesimama na birika, chai ikimwagika kwenye sahani na yeye haoni. Baadaye akanifuata nje.

"Kaka, samahani. Ile ya kugonga meza vidole viwili, umeitoa wapi?"

"Kwa video."

"Babangu alikuwa anafanyanga hivyo. Ni yeye tu." Akageuka akautazama ukumbi. "Walimtoa mezani kwa ukumbi huu huu, wakasema ana karata kwa gambuti. Hata hawakumruhusu azivue waone. Akarudi nyumbani, akakataa chakula. Tulimzika mwaka jana, wakati miwa ilikuwa inakatwa. Nilidhani labda wewe ulimjua, ungesema neno moja zuri."

Nikamwambia sikumjua. Kwa mdomo huu. Alikuwa anaitwa Nanjala, na alinishukuru.

Usiniulize nilifikaje nyumbani. Mvua zilikuja, nikakaa chumba cha nyuma nikingoja mlango wa uani. Hakuja. Lakini Jumamosi iliyofuata tulikuwa watu sita mezani, na Wekesa akagawa za watu saba. Karata mbili zikakaa mbele ya kiti kilichovunjika, kando yangu. Tulicheka, akakusanya, akagawa upya. Saba tena. "Nimechoka mimi," akasema. Akagawa mwingine, naye akagawa saba. Nikazifunua zile mbili. Zilikuwa nzuri kuliko zangu.

Imekuwa hivyo popote ninapokaa. Nairobi pia. Kule mgawaji wao ni mtu wa kazi hiyo, na alipoona amegawa za mtu asiyekuwepo alinyanyua kichwa akihesabu viti kwa kidole, akaniomba msamaha. Niliinuka nikaacha vifuniko vyangu mezani. Sikurudi.

Nikaenda Malava, huko huko Kabras, kumtafuta Nanjala. Nilimkuta jikoni akisonga ugali. Nikamweleza yote: koti, udongo, gambuti zilizopinduliwa, ahadi. Nilidhani atanifukuza kama mwendawazimu. Alisonga mpaka ukaiva, akaufunika, ndipo akaketi kwenye kigoda.

"Alikuwa anazivua kila mara?"

"Kila mara, kabla ya kugusa karata. Anazigonga chini nione."

Alilia kidogo, kimyakimya. Kisha akajipangusa.

"Mtoto wa kwetu akilia bila kunyamaza, wazee huita majina ya waliokufa mpaka lile linalotakiwa lipatikane. Unajua hiyo?"

"Najua."

"Huitwa watu wote wakisikia. Wewe ulimkana kwa kipaza sauti, kaka, halafu unakuja kumkubali jikoni kwangu, mimi na sufuria." Akanipakulia ugali na ingokho, kuku wa kwetu, kwa sababu ni mtu mwema.

Nilipotoka nilisema kwaheri. Hakuitikia.

Ndiyo maana naandika. Kipaza sauti sina tena. Sijui kama hii itatosha. Jumamosi iliyopita zilikuwa bado zinagawiwa karata za mtu mmoja zaidi, na vijana siku hizi hawacheki. Wananiangalia mimi.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu alikushika mkono ukiwa hujui kitu, awe fundi, awe mama wa sokoni, awe mzee wa gambuti, mtaje siku ile ile wanapokuuliza. Usingoje upate mahali pa siri. Na ukimwona mtu anaingia kutoka kwenye mvua akiwa mkavu, usimwahidi kitu usichoweza kukisema mbele ya watu.

Aliyenifundisha poka ni Mzee Lumbasi wa Kabras. Gambuti zake zilikuwa na udongo tu.